Poka ya turbo ya kiingilio kidogo: namna ya kucheza rundo dogo hadi kwenye zawadi

Chukua meza ya kawaida ya turbo, yaani ya kasi, mtandaoni: Texas Hold'em, wachezaji 9, kiingilio dola 1, kila mmoja anaanza na chipu 1,500. Blaindi, yaani madau mawili ya lazima (dogo na kubwa) ambayo wachezaji wawili hulipa kwa zamu kila mgao, zinaanzia 10/20 na kupanda kila dakika 5: 15/30, 25/50, 50/100, 75/150, 100/200, kisha 200/400. Zawadi ni za watu 3 tu: wa kwanza asilimia 50, wa pili 30, wa tatu 20. Mezani kuna chipu 13,500 kwa jumla, haziongezeki wala hazipungui. Blaindi zikifika 100/200, meza nzima ina blaindi kubwa 67.5. Wakibaki watu 5, wastani wa kila mmoja ni 13.5. Zikifika 200/400 wakiwa wamebaki 4, wastani umeshuka hadi 8.4.

Kwa hiyo sehemu inayogawa pesa huchezwa na marundo madogo ya chipu, na karibu uamuzi wote unafanyika kabla ya flopu, yaani kabla ya karata tatu za kwanza kufunuliwa mezani. Wachezaji wengi wa meza za bei ndogo hutumia akili yao yote kwenye dakika 15 za mwanzo, wakati chipu hazina thamani kubwa, kisha wanabahatisha zile dakika ambazo kila uamuzi ni wa kubaki au kutoka. Mwongozo huu unakaa zaidi kwenye dakika hizo.

Kwanza tuelewane maneno. BK ni blaindi kubwa moja. Kuweka zote ni kusukuma chipu zako zote mezani. Kufuata ni kulipa dau aliloweka mwenzako, na kutupa ni kuachia karata. Batani ni alama ya mgawaji, na anayekaa hapo ndiye wa mwisho kuamua baada ya flopu. Poti ni chipu zote zilizokwisha kuingia mezani. A ni ree, K mfalme, Q malkia, J ghulamu. Nikisema "za aina moja", maana yake karata zote mbili ni kopa, au zote shupaza, uru au pau.

Hatua ya 1: Panga pesa kabla ya kukaa

Angalia ada iliyomo ndani ya kiingilio. Tuseme katika dola 1, senti 10 ni ada ya tovuti. Watu 9 wanachangia dola 8.10: wa kwanza anapata 4.05, wa pili 2.43, wa tatu 1.62. Mchezaji wa kawaida kabisa kwenye meza hiyo anarudishiwa senti 90 kwa kila dola aliyotoa. Ili tu usipoteze, lazima upate asilimia 11 zaidi ya fungu la mchezaji wa kawaida. Ukikuta meza mbili zenye kiingilio sawa na kasi sawa, kaa kwenye ile yenye ada ndogo; tofauti ya senti 3 au 4 kwa mchezo mmoja ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Weka akiba ya viingilio 100 kwa meza moja ya watu 9. Kwa mashindano ya mamia ya watu, weka 200 au zaidi, kwa sababu zawadi kubwa huja mara chache sana. Mwenye dola 30 basi acheze meza za senti 25, asiende za dola 1. Sababu ni hesabu tu: hata anayepata zawadi mara 1 katika kila michezo 3, uwezekano wa kukosa michezo 10 mfululizo ni kama 1 kati ya 58. Ukicheza michezo mia kadhaa, mfululizo huo utakukuta, na ukikukuta na akiba ya viingilio 15 umekwisha.

Hesabu pia gharama ya kuingiza na kutoa pesa, pamoja na kubadilisha shilingi kuwa dola. Akiba ndogo ikikatwa mara mbili, faida yote imeondoka. Hakikisha tovuti ina leseni mahali ulipo. Kwa Tanzania anayetoa leseni ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na umri wa chini ni miaka 18. Pesa ya kodi ya nyumba au karo haiingii kwenye akiba hii, na akiba ikiisha, imeisha.

Hatua ya 2: Tayarisha simu au kompyuta

Washa mpangilio unaoonyesha rundo kwa BK badala ya chipu, na karata za rangi nne ili usichanganye kopa na uru kwa haraka. Hakikisha bando linatosha na chaji ipo. Kwenye turbo mtandao ukikatika dakika mbili umeshalipa blaindi bure, na saa yako ikiisha programu hukutupia karata hata ukiwa na A-A. Anza na meza moja. Meza nne kwa pamoja kwa mtu anayejifunza maana yake ni kubonyeza bila kujua batani iko kwa nani.

Hatua ya 3: Ngazi tatu za kwanza (10/20 hadi 25/50)

Katika dakika 15 hizi utapata migao kama 18 hivi. Jozi yoyote huja mara 1 kati ya 17, kwa hiyo tarajia jozi moja. A-A, K-K, Q-Q na A-K ukizijumlisha huja mara 1 kati ya 39. Anayesubiri karata hizo peke yake atafika kwenye ngazi za juu za blaindi akiwa bado hajacheza, na hilo si kosa. Kosa ni kuendelea kuzisubiri huko mbele.

Hapa cheza kwa kubana. Pandisha dau hadi BK 3 ukiwa na 7-7 kwenda juu, A-K na A-Q. Karibu na batani ongeza A-J na K-Q. Jozi ndogo, 2-2 hadi 6-6, ingia nazo kwa bei ndogo tu, ikiwa wewe na mpinzani mna angalau mara 15 ya bei hiyo, kwa kuwa karata ya tatu ya namba hiyohiyo hutokea kwenye flopu mara 1 kati ya 8 na kidogo. Isipotokea, toka.

Meza za bei ndogo zina tabia moja inayokulipa: watu wanapenda kufuata. Ukiwa na jozi ya juu yenye karata nzuri ya pembeni, weka theluthi mbili ya poti kwenye flopu, na tena kwenye karata ya nne. Usidanganye. Mtu asiyejua kutupa hadanganyiki, hata ungekuwa na mpango mzuri kiasi gani.

Kinachoharibu hatua hii ni kufuata-fuata na karata kama K-9 au A-5 kwa sababu "ni bei ndogo". Chipu 300 zinazopotea namna hiyo ni BK 3 kamili ukifika 50/100. Utakuwa na 12 badala ya 15, na huko mbele tofauti hiyo inabadilisha kila kitu.

Hatua ya 4: BK 10 hadi 20

Sasa acha kufuata dau la mtu kabla ya flopu. Ukiwa na BK 15 ukifuata 2.5, umeshatoa moja ya sita ya rundo lako, na flopu itakukosa mara 2 kati ya 3. Kama karata zinafaa, weka zote juu ya dau lake. Kama hazifai, tupa. Lengo zuri ni mtu aliyefungua dau (wa kwanza kupandisha) akiwa kwenye batani au jirani yake, maana hapo hufungua na karata nyingi dhaifu. Ukiwa na BK 12 hadi 15, kuweka zote kwa 7-7 kwenda juu, A-10 kwenda juu na K-Q za aina moja ni sawa kabisa. Aliyefungua kutoka viti vya mwanzo mheshimu zaidi: bana hadi 10-10, A-Q na zaidi.

Ukifungua wewe, weka BK 2 au 2.2, si 3. Na kabla hujabonyeza, jiulize utafanya nini mtu akiweka zote. Tuseme una BK 12 kwenye batani, umefungua 2.5, na aliye kwenye blaindi kubwa ameweka zote akiwa na 12 pia. Poti ni 15, wewe unadaiwa 9.5. Gawanya 9.5 kwa 24.5: unahitaji asilimia 39 tu ya kushinda ili kufuata. Karata nyingi utalazimika kufuata nazo bila kupenda. Kama ni hivyo, ilikuwa bora uweke zote mwanzo, naye ndiye ahangaike.

Hatua ya 5: BK 10 kushuka chini, weka zote au tupa

Hapa hakuna njia ya katikati. Hakuna kufuata kwa bei ya blaindi, hakuna kufungua 2 kisha kutupa.

Kwa nini? Anayeweka zote ana njia mbili za kushinda: wengine kutupa, au karata zake kushinda. Anayefuata ana moja tu. Tazama kwa karibu. Uko kwenye blaindi ndogo na BK 8, nusu imeshaingia mezani, wengine wametupa. Ukitupa, unabaki na 7.5. Ukiweka zote na aliye kwenye blaindi kubwa akafuata mara 1 kati ya 4, mara 3 kati ya 4 unabaki na 9. Anapofuata, tuseme karata zako ni mbovu zenye asilimia 35 ya kushinda: 35 ya poti ya 16 ni 5.6. Jumla: 0.75 × 9 + 0.25 × 5.6 = 8.15. Karata mbovu zimekuingizia BK 0.65 kuliko kutupa.

Sasa badilisha kitu kimoja. Huyo jirani anafuata nusu ya karata zake, kama wanavyofanya wengi kwenye meza za dola 1. Hata nafasi yako ikipanda hadi asilimia 38 kwa sababu anafuata na takataka, hesabu ni 0.5 × 9 + 0.5 × 6.08 = 7.54. Umehatarisha mashindano yote kwa BK 0.04. Kwa hiyo majedwali ya kuweka zote unayoyakuta mtandaoni yanamfaa mpinzani anayejua kutupa. Dhidi ya anayefuata ovyo, ondoa karata mbovu kabisa na ubaki na A, K zenye karata nzuri ya pembeni, na jozi.

Kiwango cha kuanzia ukiwa na BK 10, kila aliye mbele yako akiwa ametupa:

Viti vya mwanzo: 7-7 kwenda juu, A-J kwenda juu, K-Q za aina moja.

Viti vya katikati: 5-5 kwenda juu, A-9 kwenda juu, K-Q, K-J za aina moja.

Kiti kimoja kabla ya batani: jozi zote, A yoyote ya aina moja, A-7 kwenda juu, K-J, K-9 za aina moja kwenda juu, Q-10 na J-10 za aina moja.

Batani: jozi zote, A yoyote, K-9 kwenda juu, K-5 za aina moja kwenda juu, Q-10, J-10, 9-8 za aina moja.

Blaindi ndogo: zaidi ya nusu ya karata zote. Kila A, kila K, kila jozi, Q nyingi, na zinazofuatana za aina moja.

Ukiwa na BK 6 au 7 legeza kidogo. Zikiongezeka ante, yaani chipu chache ambazo kila mchezaji hulipa kila mgao, legeza tena: blaindi zikiwa 100/200 na ante 25 kwa watu 6, mezani kuna chipu 450 kabla mtu hajafanya chochote. Mwenye 2,000 akizichukua bila kupingwa, rundo lake limekua kwa zaidi ya asilimia 20 kwa kubonyeza mara moja.

Kosa kubwa kuliko yote katika hatua hii ni kungoja hadi rundo liwe BK 3. Ukiweka 3 kutoka batani, aliye kwenye blaindi kubwa anadaiwa 2 ili apate poti ya 4.5, anahitaji asilimia 31, na karata karibu zote zinamfikisha hapo. Ile njia ya kwanza ya kushinda, ya wengine kutupa, imekufa. Ukiwa na 6 bado wanaogopa. Tumia 6 kabla hazijawa 3.

Hatua ya 6: Kufuata mtu aliyeweka zote

Kanuni ni moja: unachodaiwa, gawanya kwa poti yote itakavyokuwa ukishalipa. Batani ameweka BK 8, wewe uko kwenye blaindi kubwa: unadaiwa 7, poti itakuwa 16.5, unahitaji asilimia 42. Kisha jiulize karata zako zinashinda mara ngapi dhidi ya anazoweza kuwa nazo. Nambari za kukariri ni chache. Jozi dhidi ya karata mbili kubwa kuliko hiyo ni kama 55 kwa 45. Karata mbili kubwa dhidi ya mbili ndogo ni kama 63 kwa 37. Jozi kubwa dhidi ya jozi ndogo ni kama 80 kwa 20. Karata zinazogongana, mfano A-K dhidi ya A-Q, ni kama 74 kwa 26.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayotoa watu nje. K-J inapendeza machoni, lakini mtu wa kiti cha mwanzo akiweka zote, mara nyingi ana A-K, A-J, K-Q au jozi kubwa, na K-J yako imefunikwa. A-4 ni vilevile. Tena K-J hiyohiyo unaweza kuweka zote nayo kutoka batani bila wasiwasi, kwa sababu hapo wewe ndiye unayeuliza swali.

Hatua ya 7: Wamebaki 4, zawadi ni 3

Hapa chipu huacha kuwa sawa na pesa. Tuseme wote wanne mna chipu sawa. Fungu lako ni asilimia 25 ya zawadi yote. Mtu anaweka zote, unafuata, unashinda: sasa una nusu ya chipu zote, lakini fungu lako kwa hesabu ya ICM, yaani ya kugeuza chipu kuwa sehemu ya zawadi, ni asilimia 38.3, si 50. Ukishindwa, una sifuri. Umehatarisha 25 ili upate 13.3. Gawanya 25 kwa 38.3: lazima ushinde mara 65 kati ya 100, ukiacha blaindi pembeni. A-K isiyo ya aina moja hushinda karata zozote za kubahatisha kwa asilimia 65. Kwa maneno mengine, hata mpinzani akiwa anaweka zote bila kutazama karata zake, A-K yako ndiyo kwanza inafika mpakani.

Hali huwa kali zaidi kukiwa na mtu mwenye rundo dogo. Blaindi ni 200/400. Marundo: 6,000, 3,500, 3,200 na 800. Wewe una 3,500 kwenye blaindi kubwa, mwenye 6,000 yuko blaindi ndogo na ameweka zote. Mwenye 800 ndiye wa kulipa blaindi kubwa mgao ujao, nusu ya rundo lake. Ukipiga hesabu ya ICM, ukitupa una asilimia 27 ya zawadi. Ukifuata na kushinda, 38. Unahitaji asilimia 71. Dhidi ya mtu anayeweka karata zozote, 9-9 kwenda juu ndizo zinazofika. A-J, A-Q, hata A-K, tupa. Inauma, lakini mwenye 800 anakaribia kutoka na wewe hulazimiki kufanya chochote.

Geuza kiti sasa. Ukiwa wewe ndiye mwenye 6,000, weka zote dhidi ya hao wa 3,500 na 3,200 karibu kila wanapokuachia nafasi, kwa sababu ndio wanaoogopa. Usimsukume mwenye 800 na karata mbovu: yeye hana cha kuogopa, atafuata. Na ukiwa wewe ndiye wa 800, usingoje mwingine ajiue. Weka zote kabla blaindi kubwa haijakufikia, na karata yoyote yenye A, K, jozi au mbili za heshima.

Haya hayahusu kila mashindano. Kwenye meza za watu 3 ambapo mmoja anachukua zote, chipu ni pesa moja kwa moja. Rudi kwenye hesabu ya hatua ya 5 na 6. Kwenye mashindano ya tiketi, ambapo washindi wote wanapata kitu kilekile, kubana kunazidi hata hapa, na kuna hali ambapo kutupa A-A ni sahihi.

Hatua ya 8: Watatu, kisha wawili

Mkishaingia kwenye zawadi, hofu inapungua ghafla na lazima ubadilike nayo. Wengi hubaki wamebana, wewe fungua. Mkibaki wawili, ICM haina kazi tena: wote mna uhakika wa asilimia 30, mnapigania 20 zilizobaki. Aliye kwenye batani ndiye blaindi ndogo na huanza kabla ya flopu. Kwa 200/400 mwenye rundo dogo hawezi kuzidi BK 17. Rundo hilo likifika 10, weka zote na zaidi ya nusu ya karata ukiwa kwenye batani, na ufuate na zaidi ya theluthi ukiwa blaindi kubwa: A yoyote, jozi yoyote, K nyingi, Q-9 kwenda juu.

Hatua ya 9: Rudia migao baada ya mchezo

Pakua kumbukumbu ya migao na uangalie ile tu uliyocheza ukiwa chini ya BK 12. Programu kama ICMIZER hukuonyesha wapi ulipaswa kuweka, kufuata au kutupa. Itumie baada ya mchezo. Tovuti nyingi hukataza msaada wa aina hiyo wakati unacheza, na zinaweza kufunga akaunti. Usianze na migao uliyotolewa. Anza na ile uliyotupa kwenye batani na kwenye blaindi ndogo, kwa sababu hasara hiyo haionekani: hakuna aliyekushinda, rundo lilikuwa likiyeyuka tu.